"Majibu yangu yanarudishwa kila mara kuwa ni ya jumla mno": vipi upime nguvu na udhaifu wa tafiti za zamani za saikolojia

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Lamu, akaa Langoni, asoma diploma ya ushauri nasaha. Nalifupisha kidogo:

"Assalam aleikum mwalimu. Tumepewa asaimenti ya kutathmini nguvu na udhaifu wa tafiti tatu, ya Milgram, ya Loftus na Palmer, na ya Bandura. Kwa kila moja nimeandika nguvu zake ni kuwa ilifanywa maabara na ina takwimu, na udhaifu wake ni sampuli ndogo, haina maadili, na ilifanywa kwa Wazungu tu. Lekchara amenirudishia kwa wino mwekundu 'ya jumla mno' na hii ni mara ya pili. Sasa nisome zaidi ama niandike marefu zaidi? Nishachoka mwalimu."

Waaleikum salaam mwanangu, na pole kwa machofu. Kusoma zaidi hakudhuru lakini sicho ulichokikosa, na kuandika marefu kutakumalizia karatasi tu. Nimeyapitia majibu ulonitumia, na nilivoona mimi ni hivi: ukifuta jina la Milgram ukaweka la Bandura, hakuna sentensi hata moja itakayoharibika. Hiyo ndo maana ya lile neno la wino mwekundu. Lekchara hajui kama umeusoma utafiti wenyewe ama umeyakariri tu yale mambo matano ambayo kila mwanafunzi wa saikolojia ayajua.

Jambo ambalo nataka ulishike kabla ya mengine yote ni kuwa hakuna udhaifu hivi hivi tu. Kuna udhaifu kwa dai fulani. Mtafiti amedai kitu, ameleta ushahidi, na kazi yako wewe ni kuangalia kama ushahidi ule unatosha kulisimamisha dai lile. Kwa hivo kabla hujaandika neno "nguvu" wala neno "udhaifu", andika dai la mtafiti kwa sentensi moja, kwa maneno yako. Usipoweza kuliandika basi rudi ukasome, hapo ndo kusoma zaidi kutakusaidia. Ukishaliandika utaona kitu cha ajabu, kwamba jambo lile lile moja, kama maabara, laweza kuwa nguvu kwa dai moja na udhaifu kwa dai jingine, na zote mbili ndani ya utafiti mmoja.

Tuanze na Milgram, na hapa ntakaa sana manake ndo anayeandikwa vibaya kuliko wote.

Stanley Milgram alifanya majaribio yake Chuo Kikuu cha Yale kuanzia 1961, na ripoti ya kwanza ikatoka 1963. Wanaume 40, miaka 20 hadi 50, wametoka kwenye tangazo, walilipwa dola 4 na senti 50 za nauli. Waliambiwa ni utafiti wa kumbukumbu na adhabu. Kila mmoja alikuwa "mwalimu", na "mwanafunzi" alikuwa ni mtu wa Milgram mwenyewe, amefungwa kwenye kiti chumba cha pili. Mwanafunzi akikosea mwalimu abonyeza swichi ya shoti, na swichi zilikuwa 30, kutoka volti 15 hadi 450. Shoti zenyewe zilikuwa za uongo, ila mshiriki hakuambiwa, na tena alionjeshwa shoti moja ya kweli ya volti 45 ili aamini. Ikifika volti 300 mwanafunzi apiga ukuta kwa kishindo, halafu baada ya hapo kimya, hajibu tena. Mshiriki akisita, msimamizi alikuwa na maneno manne yaliyopangwa ya kumhimiza aendelee, moja baada ya jingine. Hakuna aliyeacha kabla ya volti 300, na watu 26 kati ya 40, yaani asilimia 65, walifika mwisho kabisa.

Sasa wewe umeandika "sampuli ndogo, watu 40 tu". Nakuuliza, ndogo kwa dai gani? Kabla ya jaribio Milgram aliwauliza wanafunzi wa saikolojia pale Yale wakadirie wangapi watafika mwisho, wakasema kama 1 kwa 100. Akapata 65 kwa 100. Kwa dai kwamba "watu hutii kupita vile tunavyodhani", watu 40 wanatosha na kubaki, huwezi kupata 26 kwa bahati ikiwa ukweli ni 1. Lakini kama dai ni kwamba "asilimia 65 ya binadamu watatii", hapo 40 ni wachache kweli, manake kwa hesabu ya kawaida ya takwimu ile 65 yaweza kuwa popote kati ya kama 50 na 80, na hiyo ni kwa watu wa aina ile ile, wa mji ule ule wa New Haven, Yale ilipo. Unaona? Idadi ni ile ile 40, hukumu ni mbili tofauti. Ukiandika hivi hakuna lekchara atakayekuambia ya jumla.

Na hapo kwenye sampuli kuna jambo jingine wanafunzi huliruka. Wanasema "wanaume tu", na ni kweli kwa ripoti ya 1963, lakini Milgram hakuishia hapo. Alirudia jaribio kwa namna nyingi, akibadilisha jambo hili na lile, na moja ilikuwa na wanawake 40, nao wakatii asilimia 65 vile vile. Kwa hivo ukiandika udhaifu ambao mtafiti mwenyewe alishaujibu, unajionyesha kuwa umesoma nusu. Udhaifu wa sampuli yake ulio wa kweli zaidi ni kuwa walijitolea wenyewe, waliona tangazo wakasema sisi tutaenda, na mtu anayejitolea kwenda kusaidia sayansi chuo kikuu huenda ashakuwa na heshima kwa sayansi kabla hajafika mlangoni.

Maabara nayo. Kwa dai la Milgram kwamba mazingira ndo yanayowafanya watu watii, maabara ni nguvu kubwa, sababu ilimruhusu kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vilivyo. Msimamizi akitoka chumbani akitoa amri kwa simu, waliofika mwisho wanashuka hadi kama asilimia 21. Mshiriki akilazimika kuushika mkono wa mwanafunzi na kuubandika kwenye chuma kwa mkono wake mwenyewe, asilimia 30. Jaribio likihamishwa kutoka Yale kwenda ofisi ya kawaida tu mjini Bridgeport, asilimia 47.5. Haya hungeyapata mtaani. Lakini Milgram alitaka pia tuelewe mauaji ya Wayahudi kule Ujerumani, na kwa dai hilo maabara inakuwa tatizo. Wale washiriki waliambiwa shoti zauma lakini hazitaacha madhara ya kudumu, walikuwa mahali panapoaminika, na jambo lote lilichukua muda mfupi. Waliokuwa wakiendesha kambi za mauaji walijua watu wanakufa, waliendelea miaka, na wengi walikuwa na chuki ya kufundishwa. Mimi naona hapo Milgram alilibebesha jaribio lake zaidi ya uwezo wake, na sioni haya kulisema japo namheshimu.

Halafu kuna swali gumu kuliko yote, kwani waliamini kweli? Orne na Holland walilisema hili 1968, kwamba mtu mzima mwenye akili zake akiwa Yale ataamini kweli profesa atamwacha mtu afe kwa shoti mbele yake? Kama hawakuamini basi jaribio halikupima utii, limepima watu kuigiza. Usikimbilie kuandika "hawakuamini" ukamaliza, pima pande mbili. Upande mmoja, Milgram aliripoti watu wakitoka jasho, wakitetemeka, 14 kati ya 40 wakicheka kicheko cha woga wasichoweza kukizuia, na mtu anayejua ni mchezo hatetemeki hivo. Na 1972 Sheridan na King walitoa shoti za kweli kwa mtoto wa mbwa, washiriki 26, na 20 walifika mwisho. Upande wa pili, kwenye dodoso lililofuata ni zaidi kidogo tu ya nusu waliosema waliamini kabisa, na Gina Perry, mwanasaikolojia wa Australia aliyekwenda kuchimba makaratasi na kanda za sauti za Milgram, alionyesha kuwa walioamini shoti ni za kweli ndo walioelekea zaidi kukataa. Hilo la mwisho ni zito sana, linagusa moyo wa dai lenyewe. Perry alionyesha pia kuwa msimamizi hakushikilia yale maneno manne kila mara, wakati mwingine alibishana na mshiriki akimsukuma zaidi ya ilivyopangwa. Kwa hivo ile nguvu ya "kila kitu kilikuwa sawa kwa kila mtu" sasa ina ufa.

Na maadili? Hapa nakuomba utenganishe vitu viwili. Kusema utafiti ulikosa maadili ni hukumu ya haki na ni lazima uitoe, Diana Baumrind aliitoa 1964 na akawa na sababu, watu walidanganywa, waliumizwa roho, na kila walipotaka kuacha waliambiwa lazima waendelee. Milgram alijitetea kwamba asilimia 84 walisema baadaye wamefurahi kushiriki, na hapo waweza kuuliza mtu aliyetoka kutii vile atajibu nini tena akiulizwa. Lakini kukosa maadili peke yake hakuufanyi ushahidi kuwa wa uongo. Kunakuwa udhaifu wa kisayansi pale kunapozuia wengine kurudia. Jerry Burger alipotaka kurudia 2009 ilibidi asimamishe kila mtu kwenye volti 150, akapata asilimia 70 waliokuwa tayari kuendelea, ikilinganishwa na 82.5 kwenye hatua ile ile ya toleo jingine la jaribio la Milgram, sio lile la kwanza la 1963. Ni karibu, ila waliobaki kwenye njia hadi 450 hatuwajui, tunakisia tu. Leo hapa Kenya ukitaka kufanya utafiti na watu utahitaji kamati ya maadili ikupitishie na kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, na sidhani kuna kamati itakayopitisha lile la 1961 lilivyokuwa. Na hivi ndo inavyotakiwa iwe. Watu wetu wa pwani wamefanyiwa tafiti nyingi, wana haki ya kujua wanaingia kwenye nini.

Haya, tuje kwa Loftus na Palmer, 1974. Hii naipenda sana kuwafundishia wanafunzi sababu inaonyesha mtafiti akiuona udhaifu wake mwenyewe na kuufuata.

Dai lao: namna unavyomuuliza shahidi swali yaweza kubadilisha anachokumbuka. Fikiria hapa Malindi, tuktuk na boda zimegongana karibu na soko, watu wamejaa, na mmoja anafika anauliza "hivi hizi zimepondana zikiwa kasi gani?" na mwingine anauliza "zimegusana zikiwa kasi gani?" Watajibiwa sawa? Loftus na Palmer waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi za ajali za magari, halafu wakawauliza kasi ilikuwa ngapi, swali ni lile lile isipokuwa kitenzi. Waliopewa kitenzi kizito zaidi walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa, waliopewa cha kugongana kwa kawaida 34.0, waliopewa kile chepesi cha kugusana 31.8. Filamu ni zile zile.

Ukisimama hapo, kuna udhaifu mkubwa na wao wenyewe waliuona. Pengine kumbukumbu haikubadilika kabisa! Pengine mtu hajui kama ilikuwa 30 ama 40, swali limemdokezea kubwa naye akasema kubwa, basi. Hapo swali limebadilisha jibu, kumbukumbu iko vile vile. Kwa hivo wakafanya jaribio la pili, wanafunzi 150, makundi matatu ya 50, filamu moja fupi ya ajali. Kundi moja likaulizwa kwa kitenzi kizito, la pili kwa kile cha kawaida, la tatu halikuulizwa kasi kabisa. Baada ya wiki wakarudi wote, wakaulizwa, je uliona vioo vilivyovunjika? Kwenye filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika. Waliosema ndio walikuwa 16 kwenye kundi la kitenzi kizito, 7 kwenye la kawaida, 6 kwenye lile ambalo halikuulizwa.

Sasa angalia nguvu iliyopo hapo. Lile kundi la tatu ndo linalotuambia kwamba 6 ni kiwango cha watu kukosea tu bila kusukumwa, kwa hivo kitenzi cha kawaida hakikuongeza kitu na kile kizito ndo kiliongeza. Na swali la vioo halikuwa na kitenzi kile, liliulizwa wiki nzima baadaye, kwa hivo ile hoja ya "swali limemdokezea jibu" imepungua nguvu sana. Ukiyaandika haya umeandika nguvu ya Loftus na Palmer, nguvu ambayo huwezi kumbandika Bandura.

Lakini zigeuze namba hizo uzitazame upande wa pili. Kama 16 walisema waliona vioo basi 34 kati ya 50 hawakusema hivo, hata baada ya kusukumwa na kitenzi kizito. Wengi hawakuyumba. Kila mara nasikia watu wakisema Loftus alithibitisha ushahidi wa macho haufai, na mimi nawaambia hakuthibitisha hilo, alithibitisha kuwa baadhi ya watu, kwa swali la namna fulani, huongeza kitu ambacho hakikuwepo. Hilo latosha kuwa jambo kubwa mahakamani, wala halihitaji kutiwa chumvi.

Udhaifu wa maabara hapa una uzito wake pia ukiufunga na dai. Washiriki walikuwa wanafunzi wa chuo, wamekaa kwenye kiti wanaangalia filamu, hakuna damu, hakuna harufu ya petroli, hakuna jamaa yako aliyelala chini. Na kukadiria kasi wenyewe ni kazi ambayo watu wengi hawaiwezi hata pasipo swali la kuwapotosha. Yuille na Cutshall, 1986, walienda kwa watu walioshuhudia tukio la kweli la kupigana risasi nchini Kanada, wakawahoji miezi 4 hadi 5 baadaye, wakawatilia maswali ya kupotosha, na wale watu hawakupotoka, walikumbuka vizuri. Ila usimtupe Loftus kwa sababu ya Yuille, na Yuille naye mpime! Mashahidi walikuwa 21, waliokubali kuhojiwa ni 13, na huenda waliokubali ni wale waliokumbuka vizuri tangu mwanzo. Na waliokuwa na mshtuko zaidi ndo waliokuwa karibu zaidi na tukio, sasa waliona vizuri kwa sababu ya mshtuko ama kwa sababu walikuwa karibu? Huwezi kujua. Utafiti wa mtaani umepata uhalisia ukapoteza uwezo wa kutenganisha sababu, wa maabara kinyume chake. Hii sentensi waweza kuiandika, lakini baada ya kuonyesha kwa namba na mifano, usianze nayo.

Bandura sitakaa naye sana, nataka umfanye wewe. Nakupa vya kuanzia tu. Mwaka 1961 alitaka kujua kama watoto huiga ukali wanaouona: watoto 72 wa shule ya chekechea ya Stanford, wasichana 36 na wavulana 36, miaka kama 3 hadi 5. Kundi moja la 24 liliona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo, kundi la 24 liliona mtu mzima anayecheza kwa utulivu, kundi la 24 halikuona mtu. Kabla ya jaribio watoto walipimwa ukali wao wa kawaida na watu wanaowajua, na wapimaji wawili walikubaliana kwa kiwango cha 0.89 (1 ni kukubaliana kabisa), kisha makundi yakapangwa yalingane. Wanafunzi wengi huipita hiyo bila kuiona, na ndo nguvu kubwa kuliko zote mle ndani, manake bila hiyo ningekuambia pengine wale 24 walikuwa wakorofi tangu nyumbani. Upande wa pili, hesabu vizuri: wale 24 waligawanywa tena kwa jinsia ya mtoto na jinsia ya mtu mzima, kwa hivo anaposema wavulana walimwiga mwanamume zaidi anazungumzia vikundi vya watoto 6. Hapo sasa neno "sampuli ndogo" lina haki ya kuandikwa. Na yule mwanasesere ametengenezwa apigwe, akipigwa ainuka tena, basi mtoto akimpiga amejifunza ukatili ama amejifunza namna ya kucheza na kitu kigeni? Jibu mwenyewe.

Nimekuachia la mwisho kwa makusudi, ile "Wazungu tu" yako. Nafurahi umeiona, na ni kweli, mwaka 2010 Henrich na wenzake walionyesha vile saikolojia imejengwa juu ya watu wa nchi chache tajiri, hasa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, na wakaonya kuwa watu hao mara nyingi hawafanani na walimwengu wengine. Lakini kusema "ni Wazungu kwa hivo haituhusu" ni kuacha kazi nusu. Lazima useme ni kitu gani kwenye maisha yetu kingebadilisha matokeo, na kwa njia gani.

Ntakupa mfano. Utafiti wa mapenzi ya mtoto na mamake, watu wengi hawajui kuwa haukuanzia Marekani. Mary Ainsworth alianzia hapa jirani, vijijini karibu na Kampala, 1954 na 1955, akizitembelea familia 26 za Waganda majumbani mwao, akiangalia watoto wakinyonya, wakilia, wakitambaa. Baadaye akiwa Baltimore, Marekani, ndo akatunga lile jaribio la chumba kigeni, mtoto wa kama mwaka mmoja anaachwa na mamake kwa dakika 3 hivi, mara na mtu asiyemjua, mara peke yake, na mtafiti anaangalia mama akirudi mtoto anafanyaje. Sasa chukua mtoto wa hapo kwenu Langoni. Asubuhi yuko na mamake, adhuhuri kabebwa na bibi, alasiri yuko kwa shangazi nyumba ya pili, jirani akipita amchukua akamnunulia mahamri. Mtoto huyu hajawahi kuachwa peke yake chumbani hata mara moja, na wakati huo huo amezoea mikono mingi. Kwa hilo la kwanza ungetegemea alie sana kuliko mtoto wa Baltimore, na kuna mfano wa watoto wa Japani, ambao hawazoei kuachwa, walilia kupita kiasi wakahesabiwa kuwa hawana utulivu na mama zao. Kwa hilo la pili ungetegemea asijali sana mgeni. Yote mawili yawezekana, na kipimo kile kile kitamsoma vibaya kwa njia mbili tofauti. Hiyo ndo hoja ya utamaduni yenye nyama.

Halafu ipime na hiyo pia. Van IJzendoorn na Kroonenberg, 1988, walikusanya tafiti 32 za jaribio hilo kutoka nchi 8, wakakuta tofauti ndani ya nchi moja ni kubwa mara 1.5 kuliko tofauti baina ya nchi na nchi. Hilo laonyesha hatuwezi kusema tu "Wajapani wako hivi, Waingereza vile". Lakini angalia orodha ya zile nchi 8, hakuna hata moja ya Afrika, japo kazi yenyewe ilianzia Uganda. Mimi hilo laniuma, nasema wazi.

Sasa lekchara wako ataka uandike vipi? Nakuandikia aya moja ya Milgram kwa Kiswahili cha mtihani, uone umbo lake:

"Milgram alidai kuwa mazingira, hasa ukaribu wa mwenye mamlaka, ndiyo yanayowafanya watu wa kawaida watii amri ya kumuumiza mwenzao. Nguvu ya ushahidi wake ni kwamba alibadilisha jambo moja na kujaribu kuacha mengine yalivyo: msimamizi alipotoa amri kwa simu, waliofika volti 450 walishuka kutoka asilimia 65 hadi takribani 21. Tofauti kubwa kiasi hicho ni vigumu kuieleza kwa tabia za washiriki peke yake. Hata hivyo, kanda za sauti zinaonyesha kuwa msimamizi hakufuata maneno yaliyopangwa kila mara, kwa hivyo hatuna hakika kuwa kila mshiriki alipata shinikizo sawa, na hili linapunguza imani yetu kwenye ulinganisho huo."

Dai, kitu kimoja mahsusi chenye namba, kwa nini kinasaidia, halafu kinachokipunguza. Aya mbili kama hizi kwa kila utafiti zinazidi kurasa tatu za ulizoandika mwanzo. Usiweke nguvu zote juu na udhaifu wote chini kama orodha ya duka, zifunge pamoja pale zinapogusa dai moja. Na usilazimishe zilingane idadi. Ukipata utafiti ambao udhaifu umeuzidi nguvu kwa mbali, sema. Lile la jela la Zimbardo, Agosti 1971, wanafunzi wakigawanywa kuwa askari na wafungwa wa kuigiza, ni mfano mzuri. Lilidai kuwa kumvisha mtu sare ya askari jela kwatosha kumgeuza mkatili, na baadaye makaratasi na kanda za Stanford zikaonyesha kuwa askari walielekezwa mapema wawe wakali, na Zimbardo mwenyewe alikuwa mtafiti na hapo hapo mkuu wa jela. Hapo udhaifu umelikata dai lenyewe, na ukijifanya umepima pande mbili sawa sawa utakuwa hujapima.

Anza na Loftus mwanangu, ndo mwepesi kushika. Chukua ile 16 kwa 50, andika inathibitisha nini na haithibitishi nini, aya moja tu, unitumie kabla hujagusa Bandura. Ukifika kwake tumia zile 6, usitumie 72.